Mzazi wa Garissa ana haki ya kupashwa habari za mwanawe

Wasomali wanapokutana huulizana, "Iska warran?" Maana yake ni kumtaka mwenzako atoe habari zake mwenyewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili nasi tunayo desturi iyo hiyo: habari za nyumbani, habari za kazi, habari za watoto. Ni jambo la kustaajabisha basi kwamba katika mji wa Garissa, ambako lugha hizi mbili hukutana kila uchao sokoni na barabarani, habari iliyo adimu kuliko zote ni ile ya mtoto aliyeko darasani.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililonifika mimi mwenyewe. Mwishoni mwa muhula mmoja nilikuwa Garissa kwa jamaa zangu. Jirani yetu, mama auzaye maziwa ya ngamia sokoni, alikuja jioni na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mtandio wake. Ilikuwa ripoti ya bintiye wa Gredi ya 8. "Mwalimu," akaniambia kwa Kisomali, "wewe umesoma hata ukafika mwisho wa kusoma. Nisomee hii."

Karatasi yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza tangu juu hadi chini. Yalikuwamo masomo tisa, na mbele ya kila somo herufi mbilimbili: ME, AE, na mahali pamoja BE. Nikamsomea. Akanisikiliza kwa utulivu mpaka nilipomaliza, kisha akauliza swali ambalo mzazi yeyote angeliuliza, "Sasa, amepita au ameanguka?"

"Eeddo," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mwanamke aliye na umri wa shangazi, "katika utaratibu huu mpya mtoto hapiti wala haanguki. Katika Sayansi Jumuishi, kwa mfano, binti yako anakaribia matarajio."

"Matarajio ya nani?" akauliza.

Ndugu msomaji, mimi ni mhadhiri wa isimu. Nina shahada ya uzamifu na nimetumia zaidi ya nusu ya maisha yangu nikichunguza jinsi maana inavyosafiri kutoka kinywa hadi sikio. Mbele ya swali lile fupi nilishikwa na kigugumizi. Ningeweza kumwambia kwamba ni matarajio ya mtaala, lakini hilo lingekuwa jina tu, na jina si maelezo. Nilijua kwamba karatasi ile haikuwa na neno lolote juu ya kile ambacho mtoto anaweza kukifanya, kile kinachomshinda, wala kile ambacho mama anaweza kufanya ili amsaidie. Mama alikunja karatasi yake, akashukuru, akaenda zake. Alikuwa amepewa ripoti, lakini hakuwa amepewa habari.

Tofauti hiyo ya ripoti na habari ndiyo ninayotaka tuitafakari. Shule zetu nyingi hudhani kwamba zikishachapisha karatasi na kumpa mtoto aipeleke nyumbani, zimetimiza wajibu wake. Lakini habari haihesabiwi kuwa imetolewa mpaka iwe imepokewa. Anayezungumza na mtu kwa lugha asiyoijua, kwa maandishi asiyoweza kuyasoma na kwa istilahi ambazo hata mwalimu huzing'ang'ania, huyo hajazungumza na mtu. Amezungumza na ukuta.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba wazazi wa kaskazini mwa nchi hawajali elimu hata wakielezwa kwa lugha gani. Hiyo ni kauli ya zamani, nami nimeisikia katika kumbi za wasomi kama nilivyoisikia katika vibanda vya chai. Anayeisema aende kwenye dugsi yoyote pale mjini, yaani shule ya Kurani, achunguze mambo yanavyokwenda. Mama yule yule asiyejua bintiye anasoma nini katika Sayansi Jumuishi anajua bila kubahatisha ni sura gani aliyoifikia kwa maalimu. Anajua kwa sababu mtoto hurudi nyumbani akikariri, na mama husikia. Anajua kwa sababu aya huandikwa kwenye loox, ule ubao wa mti, na ubao huo wote nyumbani wanaujua. Anajua kwa sababu maalimu akikutana naye njiani humwambia kwa maneno machache: mtoto amefika hapa, ulimi wake mzito katika herufi hii, msikilize jioni. Huyo ni mzazi anayejali, na malipo ya maalimu hutoka mfukoni mwake. Mbona hali hiyo hiyo isiwezekane kwa mwalimu wa serikali?

Yafaa pia tukumbuke tulikotoka. Hali ya hatari iliyowekwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki mwaka wa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Ule Waraka wa Serikali nambari 10 wa 1965 nao ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zilizokuwa na ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Nchi kavu ya wafugaji ikaachwa ingoje. Wengi wa wazazi wenye watoto katika Gredi ya 7, 8 na 9 leo walizaliwa karibu na mwisho wa miaka hiyo, katika maboma ambayo shule ilikuwa safari ya siku nzima. Kutojua kwao kusoma hakukuwa chaguo lao. Kuwaletea watu hao karatasi ya Kiingereza, kisha kuwalaumu kwa kutoijibu, ni kumtoza mtu deni ambalo hakulikopa.

Zamani uzito wa jambo hili ulipunguzwa na wepesi wa mtihani. Mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulikuwa na kasoro zake nyingi, lakini mzazi asiyejua kusoma aliuelewa. Mtoto alipata alama kadhaa kati ya 500. Hesabu hiyo ilifahamika hata kwa mchunga ngamia, ambaye huhesabu mali yake kila machweo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019 umeiondoa namba hiyo na kuleta viwango: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio. Siupingi mtaala huo. Kumtazama mtoto kwa anayoyaweza ni jambo la busara kuliko kumtazama kwa namba moja. Lakini kadiri kipimo kinavyokuwa na maana nyingi, ndivyo kinavyohitaji maelezo mengi, na maelezo ndiyo yaliyosahauliwa.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini nashughulikia hasa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Sababu ni kwamba hapo ndipo mlango unapofungwa kimyakimya. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 7 mwezi wa Januari 2023, likafika Gredi ya 9 mwaka wa 2025 na kufanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwishoni mwa mwaka huo, kisha likaingia Gredi ya 10 mapema mwaka wa 2026. Matokeo ya mwisho ya mtoto hayatokani na mtihani wa siku chache tu. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine hutoka katika tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ndiyo ya mtihani wenyewe. Kwa maneno mengine, mtoto anapoketi katika mtihani wa Gredi ya 9, sehemu mbili kati ya tano za hukumu yake zimekwisha kuandikwa.

Nimewauliza wazazi kadhaa wa Garissa kama walilijua jambo hilo. Wengi walidhani kwamba kazi halisi inaanza Gredi ya 9, kama ilivyokuwa darasa la nane zamani. Kwa hiyo kijana wa Gredi ya 7 anapotolewa shuleni wiki mbili au tatu kwenda kusaidia kuhamisha mifugo wakati wa kiangazi, mzazi hafikiri kwamba amemdhulumu. Anafikiri kwamba bado upo muda. Msichana anapobakizwa nyumbani siku ya kazi ya mradi ili awalee wadogo zake, mama hajui kwamba kazi ile inahesabiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni nani awezaye kuziba ufa ambao hajaonyeshwa?

Tena kuna uchaguzi. Mwanafunzi akitoka Gredi ya 9 hufuata mojawapo ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Uamuzi huo wa mtoto wa miaka 14 au 15 unaweza kumfungulia taaluma au kumfungia. Mzazi wa Nairobi mwenye kazi ya ofisi huketi na mwanawe, wakapima, wakauliza marafiki. Mzazi wa Balambala au Hulugho huletewa fomu. Huu ni ukosefu wa haki ambao hauhitaji dhamira mbaya ya mtu yeyote. Kimya peke yake kinatosha kuuleta.

Sipendi walimu wadhani kwamba nimekuja kuwarundikia lawama. Mwalimu wa sekondari msingi katika kaunti hii yuko katika hali ngumu. Madarasa haya yamewekwa ndani ya shule za msingi, mara nyingi bila vyumba wala vifaa vya kutosha, na walimu wengi waliajiriwa kwanza kama vibarua wa mafunzo kazini. Mmoja hulazimika kufundisha masomo ambayo hakuyasomea. Isitoshe, kuna majeraha ya usalama. Mwezi wa Novemba 2014 abiria 28, wakiwamo walimu, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, humu humu katika Kaunti ya Garissa, na baadaye walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka eneo hili. Mwalimu anayekuja kutoka mbali na asiyejua kama atakuwapo mwaka ujao hana nafasi ya kujifunza lugha ya wazazi. Hofu nayo humfungia ndani ya ua la shule. Basi mwalimu na mzazi huishi umbali wa kutupa jiwe, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hamtaki.

Nilishuhudia jinsi ukuta huo unavyoweza kuanguka. Siku mbili baada ya mama yule kunijia na karatasi yake, nilimfuata shuleni. Mwalimu wa bintiye alikuwa kijana kutoka sehemu nyingine ya nchi, mpole na mwenye bidii. Nikakaa katikati yao nikafasiri. Mwalimu alieleza kwamba msichana ni mwepesi wa kufikiri, lakini katika Sayansi Jumuishi na Hisabati hanakili kazi ubaoni, huandika nusu akaacha, na akiulizwa hunyamaza. Alidhani ni uvivu, au labda ukaidi wa rika. Nikafasiri. Mama akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mwambie kwamba hata mbuzi akiwa upande wa pili wa zizi hamtambui. Mpaka amkaribie."

Mwalimu akanyamaza. Kumbe mtoto haoni mbali. Alikuwa ameketi nyuma ya darasa lenye watoto wengi kwa muda wa mihula miwili, na hakuna aliyejua: mwalimu hakuwa na habari za nyumbani, na mama hakuwa na habari za darasani. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Siku ile ile msichana alihamishiwa benchi la mbele, na mama akaanza kuulizia gharama ya miwani. Mazungumzo yote yalichukua muda usiofika nusu saa. Zile herufi mbili, AE, zingeweza kukaa katika karatasi miaka yote mitatu bila kulifichua jambo hilo.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tumekosea hata katika kulitaja suala lenyewe. Tunasema "kuwapasha wazazi habari" kana kwamba habari zote ziko shuleni na mzazi ni chombo kitupu. Mzazi naye ni chemchemi. Ni yeye anayejua kwamba mtoto haoni, kwamba halali usiku, kwamba baba amesafiri na ng'ombe na kijana ndiye mwanamume wa nyumbani kwa sasa. Mwalimu asiyeyajua hayo anafundisha gizani.

Wala sheria si kikwazo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila shule iwe na chama cha wazazi. Msingi wa mtaala uliochapishwa na taasisi ya KICD mwaka wa 2017 unahesabu kuwawezesha na kuwashirikisha wazazi miongoni mwa kanuni zake kuu. Katiba ya 2010 inampa kila raia, katika kifungu cha 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na katika kifungu cha 7 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Habari za mtoto aliye katika shule ya umma ni habari zilizo mikononi mwa serikali. Mzazi anapozidai, haombi hisani.

Aghalabu hujibiwa kwamba lugha ya kazi ni Kiingereza na kwamba haiwezekani kumwandikia kila mtu kwa lugha ya mamaye. Nawaomba wenye hoja hiyo waitazame Minneapolis, mji wa Marekani wenye jamii kubwa ya Wasomali. Huko shule za umma huwapa wazazi taarifa kwa Kisomali, kwa sababu sheria za haki za raia za nchi hiyo, zilizoanzia 1964, huzitaka shule ziwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Tafakari, msomaji: mwana wa Garissa akihamia jimbo la Minnesota, nchi ya theluji isiyo na ngamia, anaweza kuelezwa maendeleo ya mwanawe kwa Kisomali. Nduguye aliyebaki Garissa, katika ardhi ya babu zake, huelezwa kwa Kiingereza. Ikiwa wageni wanaweza, sisi tunashindwaje?

Wala si suala la lugha pekee. Ni suala la wakati pia. Mtafiti mmoja wa uchumi, Peter Bergman, alifanya jaribio katika shule moja ya Los Angeles ambamo wazazi walitumiwa ujumbe wa simu mara kwa mara kuwaarifu juu ya kazi ambazo watoto wao hawakuziwasilisha. Juhudi na alama za watoto hao ziliimarika. Hakuna kitabu kilichonunuliwa wala darasa lililojengwa. Wazazi walijua tu, na walijua mapema.

Nikirudi kwetu, napendekeza mambo manne, nayo yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, habari zisemwe. Jamii ya Wasomali ni jamii ya neno linalosemwa; maandishi rasmi ya lugha yao kwa herufi za Kilatini yalitangazwa huko Somalia mwezi wa Oktoba 1972 tu, na wazazi wengi wa upande wetu hawakupata kufundishwa kuyasoma. Lakini watu hawa wamesikiliza idhaa ya Kisomali ya BBC tangu 1957. Mzee anayejua habari za Mogadishu na za London kwa sababu ameambiwa kwa sauti hawezi kuambiwa kwamba hana uwezo wa kufuatilia habari za darasa lililo nyuma ya nyumba yake. Kila darasa la sekondari msingi litoe ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kila baada ya wiki mbili, kwa simu: wiki hizi watoto wanasoma nini, kazi gani inakuja, itahesabiwa vipi, na mzazi amuulize mtoto swali gani jioni. Mahali ambapo simu haishiki vizuri, redio za Garissa zinazotangaza kwa Kisomali zinaweza kulibeba jukumu hilo kwa maelezo ya jumla.

La pili, mikutano ya wazazi iwe ya watoto. Katika shule nyingi mzazi huitwa kwa mambo mawili: pesa au utovu wa nidhamu. Mtu anayeitwa kwa maumivu tu hujifunza kutoitika. Iwepo angalau siku moja kila muhula ambapo mzazi hatatajiwa mchango wowote, atakaa na mwalimu na mkalimani, na mwanawe ataonyesha kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Wakati nao uchaguliwe kwa busara: baada ya swala ya alasiri kwa watu wa mjini, na kwa wafugaji siku za mnada wa mifugo wanapofika mjini wenyewe. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Si haki kumtaka mtu aache mifugo bila mchungaji kwa ajili ya mkutano wa Jumanne asubuhi.

La tatu, nalo linatuhusu sisi wanaisimu, paundwe msamiati mfupi wa ripoti za shule kwa Kisomali na Kiswahili. Kazi hii si ngumu kama inavyodhaniwa, maana lugha hizi zimekwisha kukopa kutoka ghala moja. Mtihani kwa Kisomali ni imtixaan. Hesabu ni xisaab. Hata mama asiyejua Kiswahili sanifu husikia undugu wa maneno hayo. Badala ya kumwambia kwamba mtoto "anakaribia matarajio", aambiwe kwamba mtoto anaweza kufanya jambo hili peke yake, jambo hili akisaidiwa, na jambo hili bado. Sentensi tatu za namna hiyo zinatosha kwa kila somo. Vyuo vikuu vyetu hutoa tasnifu kila mwaka juu ya istilahi ambazo hakuna mtu anayezitumia. Tutoe moja itakayotumiwa na muuza maziwa.

La nne, wasisahauliwe wasiokuwa Wasomali. Mjini Garissa wanaishi Wapokomo, Waorma, Wakamba, Wameru na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ripoti ya Kiswahili safi kwa hao, na sauti ya Kisomali kwa walio wengi, itamfikia karibu kila mzazi. Kiingereza kibaki katika faili ya wizara.

Lipo onyo moja ambalo sitaki kulificha. Habari ni kama wembe: hunyoa na hukata. Mzazi akiambiwa tu kwamba mtoto hawezi, anaweza kumchapa, au akiwa msichana anaweza kuona kwamba shule haina faida tena naye na kumwoza. Kwa hiyo mwalimu asitangaze udhaifu wa mtoto kwenye kundi la simu la wazazi wote, wala asiusome mkutanoni. Yale ya darasa zima yasemwe kwa wote. Ya mtoto mmoja yasemwe kwa mzazi wake, na yaanze na lile analoliweza. Tena sauti iwe ya kualika. Siku ile shuleni mama hangelitaja lile la mbuzi kama mwalimu angelianza kwa kukaripia.

Najua kwamba mwalimu atauliza atapata wapi muda. Ni swali la haki, na jibu lake liko kwa mwajiri. Kazi hii ihesabiwe kuwa kazi, iwekwe katika ratiba, na kila shule ya sekondari msingi ipewe angalau mtu mmoja mwenyeji, awe mwalimu au karani, ambaye kufasiri kwa wazazi ni sehemu ya majukumu yake yanayolipwa. Vijana wa Garissa waliomaliza kidato cha nne na wanaojua lugha zote tatu wamejaa mitaani bila ajira. Bodi za usimamizi zinaweza kuanza na hao hata kabla ya waraka kutoka Nairobi. Penye nia pana njia, na hapa njia yenyewe ni fupi kama ile iliyopo kati ya nyumba ya mama yule na lango la shule.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika sekondari msingi za Garissa mikono ipo miwili, wa mwalimu na wa mzazi, ila kila mmoja unafanya kazi bila kujua mwingine unashika nini. Tangu muhula ujao kila mwalimu mkuu katika kaunti hii ajiulize swali moja kabla ya kutia sahihi ripoti: je, mama atakayeipokea akiulizwa na jirani yake, "Iska warran?", atakuwa na lolote la kusema juu ya mtoto wake?